Jina Langu Liko Kwenye Hataza, Mbona Sijajenga Lubumbashi?

Jambo yenu, ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, nanyi mlio ugenini kama mimi. Video hii haikuwa katika mpango wangu, kwa kuwa niliahidi kuendelea na somo la lenzi. Lakini tangu mtu mmoja aliposambaza katika makundi ya WhatsApp ile hataza, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, yenye jina langu, swali limekuwa lile lile kila asubuhi: "Yaya (ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa), wewe ni mvumbuzi, jina lako liko kwenye breve, yaani hataza, ya Ulaya, mbona hata kiwanja cha Annexe hujanunua?" Wapo wanaouliza kwa upole, na wapo wanaouliza kama watu wanaonidai. Mama mmoja wa Kamalondo, ambaye ninamheshimu sana kwa sababu alinilisha bukari, yaani ugali, nilipokuwa mtoto, ameniandikia kwamba ninaficha mali ili nisiwasaidie ndugu. Nikijibu kwamba mali hiyo haipo nitaambiwa ninalialia, na nikieleza kazi yangu nitaambiwa ninajisifu. Basi leo nimekubali kubeba lawama zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Kwamba kodi ya nyumba hapa München ni kubwa na baridi ni kali, mmekwisha kuambiwa na kila mwenye simu na kitu cha kuiegemeza. Mimi ninataka kueleza fedha za uvumbuzi zinakokwenda. Na ili msidhani ninajitetea kwa habari zangu mwenyewe, nitaanza na mtu aliyetengeneza kitu kikubwa kuliko chochote nitakachowahi kutengeneza mimi.

Steven Sasson alizaliwa Brooklyn mwaka 1950, akasomea uhandisi wa umeme, na mwaka 1973 akaajiriwa na Kodak, kampuni ya filamu za kupigia picha, katika mji wa Rochester. Mwaka uliofuata mkuu wake, Gareth Lloyd, alimpa kazi ndogo ambayo hakuna aliyeitarajia sana: achunguze kipande kipya cha silikoni kilichoitwa CCD, kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme, aone kama kina faida yoyote kwa kampuni ya filamu. Sasson na fundi Jim Schueckler waliokoteza walichokipata. Lenzi ilitoka kwenye vipuri vya kamera ya sinema ya Super 8, betri zilikuwa 16, na mahali pa filamu palikaa kinasa sauti cha kaseti. Mafundi wa Kenya, ile komuni yetu ya Lubumbashi, wanaotoa spika kwenye redio ya huyu na kuifunga kwenye redio ya yule wataelewa kazi hiyo kuliko maprofesa wengi. Kitu kilichotoka hapo kilikuwa na uzito wa takribani kilo 3.6, na ndicho kinachohesabiwa kuwa kamera ya kwanza ya dijitali iliyojitegemea na kubebeka mkononi.

Desemba 1975 walimpiga picha mfanyakazi mmoja wa maabara, mwanamke kijana mwenye nywele nyeusi aliyesimama mbele ya mandhari meupe. Kihisi, yaani kile kipande cha CCD, kilikuwa na pikseli (nukta za picha) 100 kwa 100, yaani 10,000 tu, hali simu yenye kioo kilichopasuka uliyonayo mkononi ina mamilioni. Kuiandika picha moja kwenye kaseti kulichukua sekunde 23, kisha kaseti ikahamishiwa kwenye mashine nyingine iliyoisoma na kuionyesha kwenye televisheni. Nywele zikaonekana, weupe wa nyuma ukaonekana, lakini uso wa yule dada ulikuwa chenga tupu.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo panaponifurahisha kuliko kwingine kote. Mwanga wa kila pikseli ulikuwa umegeuzwa kuwa mfululizo wa sifuri na moja, na nyaya zilizobeba mfululizo huo zilikuwa zimeunganishwa kinyume, ya kwanza ikakaa mahali pa mwisho. Sasa, weusi kabisa ni sifuri tupu, na weupe kabisa ni moja tupu, kwa hiyo ukizisoma kutoka mbele au kutoka nyuma hazibadiliki. Lakini kijivu cha shavu na kijivu cha paji la uso, vikisomwa kinyumenyume, vinakuwa namba nyingine kabisa. Ndiyo maana nywele zilipona na uso ukaharibika. Waligeuza nyaya, na uso ukatokea. Mimi nimewahi kupoteza siku nne nzima kwa kosa la ukoo huo huo.

Mwaka 1976 Sasson aliwaonyesha wakubwa wa kampuni kamera yake, na maonyesho hayo aliyaita "Upigaji Picha Usio na Filamu", mbele ya watu ambao mishahara yao ilitoka kwenye filamu. Kwa maoni yangu huko ni kuingia katika duka la makaa na kumtangazia mwenye duka jiko la umeme. Waliuliza kwa nini mtu atake kutazama picha zake kwenye televisheni wakati picha za karatasi zimewaridhisha watu kwa miaka mia. Kijana akakisia kwamba ingechukua miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu wa kawaida kuitamani, na ukitazama nyuma hakukosea sana. Hataza ya Marekani nambari 4,131,919 ilitolewa tarehe 26 Desemba 1978. Wavumbuzi wameandikwa kuwa Lloyd na Sasson. Mwenye mali ameandikwa kuwa Eastman Kodak. Kamera yenyewe haikuzungumzwa hadharani hadi mwaka 2001. Mwaka 1989 Sasson na mwenzake Robert Hills walitengeneza nyingine, yenye pikseli milioni 1.2 na kadi ya kumbukumbu, iliyofanana kabisa na kamera mtakazokuja kuziona madukani baadaye, nayo haikuuzwa, kwa kuwa ingeila filamu.

Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na mwishoni mwa mwaka huo ikakubali kuuza hataza zake za picha za dijitali, takribani 1,100, kwa kiasi cha dola milioni 525. Waliochangia kuzinunua walikuwemo Apple, Google na Samsung. Wanaoniuliza habari za kiwanja naomba wazingatie ni nani aliyeuza: ni kampuni. Sasson alikuwa amekwisha kustaafu tangu 2009. Yeye alipewa Medali ya Taifa ya Teknolojia na Uvumbuzi, akavishwa na Rais Obama katika Ikulu ya Marekani mwaka 2010, na ninamwonea fahari kama vile ni ndugu yangu. Lakini medali huwezi kuifyatulia matofali.

Najua kuna atakayesema kwamba hao ni Wamarekani, mwajiriwa kwao anasaini mkataba wa kukabidhi uvumbuzi siku ya kwanza ya kazi, na huku Ujerumani mambo ni tofauti. Ni kweli, yanatofautiana. Japani, Shuji Nakamura aliyefanikisha taa ndogo ya bluu, ile LED ambayo bila yake vioo vya simu zetu visingekuwa na mwanga mweupe, alipewa na mwajiri wake yen 20,000, fedha ya kununulia viatu. Alikwenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ikaamuru alipwe yen bilioni 20, kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2005 wakapatana kwa takribani yen milioni 840. Fujio Masuoka, aliyebuni kumbukumbu ya flashi akiwa Toshiba, ile inayohifadhi picha zenu zote za harusi, naye alishtaki, na mwaka 2006 wakapatana kwa yen milioni 87. Lakini hao ni watu ambao dunia nzima inatumia kazi yao, na bado iliwabidi wawape mawakili miaka ya maisha yao.

Ujerumani ina sheria ya uvumbuzi wa waajiriwa tangu 1957. Kampuni ina haki ya kuuchukua uvumbuzi wako, nawe una haki ya kulipwa fidia inayostahili, na fidia hiyo hukadiriwa kwa kuangalia thamani ya uvumbuzi, cheo chako kazini, na kiasi ambacho kampuni yenyewe ilichangia. Hapo penye "kiasi ambacho kampuni ilichangia" ndipo fedha zinapoyeyukia. Uvumbuzi wetu ni kishikizo cha kihisi katika kamera za viwandani. Alumini na gundi havitanuki sawasawa joto linapopanda, kwa hiyo kihisi husogea kidogo kuliko unene wa unywele, na picha inapoteza ukali wakati wa kiangazi. Sisi tulitafuta umbo ambalo mitanuko hiyo miwili inafutana. Tuko watatu katika hati hiyo. Mwaka wa kwanza sehemu yangu ilikuwa euro 1,160 kabla ya kodi, na zilizoingia benki zilikuwa 640 na senti kadhaa. Mia tatu nilizituma nyumbani kwa minervali, yaani karo, ya mdogo wangu, na wakala wa kutuma fedha akakata zake huku na huko. Hiyo ndiyo mali ninayoificha, mama yangu wa Kamalondo.

Sasa kuna kundi jingine, ambalo linasema kwamba jina lililo kwenye hati ile si langu hata kidogo, na kwamba nimejivika sifa ya mtu mwingine. Hili limeniuma kuliko lile la kiwanja. Ninyi mnajua kwamba sisi Wakongo tuna jina, postinomu (jina la pili linalolifuata) na jina la ubatizo, lakini fomu za huku zina visanduku viwili tu. Karani mmoja, siku niliyofika na mizigo yangu, alichukua postinomu akaiweka mahali pa jina la kwanza, na jina la ubatizo akaliacha nje kama mtoto asiye na mwenyewe. Kosa hilo likaingia katika kibali cha kuishi, kutoka huko likaingia katika mkataba wa kazi, na kutoka katika mkataba likaingia katika hataza. Mfasiri aliyeapishwa alikwisha kunitoza fedha kwa kila ukurasa wa diploma na orodha za alama, kisha ofisi moja ikanirudishia yote kwa sababu muhuri wa huko nyumbani haukusomeka vizuri. Ilibidi nilipe upya kwa hati zile zile, na jina bado likatoka kinyume. Ni kama zile nyaya za Sasson, isipokuwa hakuna aliye tayari kuzigeuza.

Mjomba wangu, ambaye alikuwa na studio ya picha katika komuni ya Kenya, ameiona habari ya Sasson kwenye video yangu ya zamani na hakufurahi. Nilikulia katika chumba chake cha giza, chini ya taa nyekundu, nikikoroga karatasi ndani ya beseni hadi sura ya mtu itokee polepole. Alikuwa akinoa penseli hadi ncha iwe kama sindano, kisha anafuta makovu na chunusi moja kwa moja kwenye negativu. Visanduku vya njano vya Kodak bado anavyo, ila sasa vimejaa misumari. Amenitumia ujumbe wa sauti akisema kwamba huyo Mmarekani wangu ndiye aliyemfungia studio, na mimi mpwa wake ninakula kwenye sahani ile ile. Sikupata jibu la kumpa, nami sitajifanya ninalo.

Vijana wanaosoma uhandisi huko wananiuliza kama inafaa kuja. Siwezi kumshauri mtu. Mimi nilibahatika kupata udhamini wa masomo, mwingine hatabahatika, na mwingine atafanikiwa kunipita kwa njia nisiyoijua. Ninachoweza kusema kwa upande wangu tu ni kwamba ningesoma kifungu cha uvumbuzi katika mkataba kabla ya kusoma mshahara, na ningeandika tarehe ya kila wazo katika daftari langu. Na msiniambie kwamba kobalti yetu iko ndani ya kila betri, kwa hiyo tunadai. John Goodenough, ambaye mwaka 1980 kule Oxford alionyesha pamoja na wenzake kwamba oksidi ya kobalti inaweza kubeba betri ya lithiamu, hakupata mrabaha wowote kwa kazi hiyo. Tuzo ya Nobel alipewa 2019, akiwa na miaka 97.

Kuhusu jina langu, nimeanza kulisahihisha. Mdogo wangu amekwenda mara tatu kwenye ofisi moja huko nyumbani kutafuta nakala mpya ya cheti cha kuzaliwa. Mara ya mwisho aliambiwa alete picha mbili za pasi za mwenye hati, za karatasi, si za kuonyesha kwenye simu. Nimezichapisha hapa jana jioni, na kuna mzee anayesafiri Alhamisi ambaye amekubali kunibebea bahasha.