Ukili Uliokwenda Kombo

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Tanga. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Hamjambo, wazazi wenzangu. Nyie wa nyuma mnanisikia? Kama hamnisikii sogeeni, viti huku mbele vipo. Na wenye watoto msiwatoe nje. Wakilia walie, tutasemezana hivyo hivyo.

Nianze na swali. Nani hapa hajapata kusikia "usiache mbachao kwa msala upitao"? Naona hakuna. Haya, mbacha ni nini? (Kimya.) Wewe mwanangu mwenye shati la bluu, umecheka, basi jibu. (Kicheko.) Anasema ni mke wa kwanza! Sikulaumu, maana ndivyo methali inavyotumiwa mitaani. Lakini mbacha ni mkeka uliochakaa, umekatika pembe, umelaliwa hadi umekuwa laini kama kitambaa. Msala ni mkeka wa kuswalia. Aliyeitunga methali hii alikuwa na vyote viwili chumbani mwake, hakuhitaji kufafanuliwa. Sisi methali tumebaki nayo, mkeka umetutoka.

Mimi nilizaliwa Wete, Pemba, nikaolewa hapa Tanga, nikafundisha hesabu mpaka nikastaafu. Sikuja kuwaimbia kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Zamani kulikuwa na kunguni ndani ya mikeka hiyo hiyo, na mkeka wa plastiki unaopigwa maji na sabuni ukakauka kwa saa moja ni neema kwa mama mwenye mtoto anayekojoa kitandani. Niliutumia, sioni haya. Nimekuja kwa jambo moja tu, nalo ni namna watoto wetu wanavyoguswa na kazi za mikono nyumbani, au wanavyonyimwa.

Kwetu, baada ya laasiri, uani palitandikwa jamvi na kazi ya kusuka mikeka ikatolewa. Babu ndiye aliyekata. Ukindu, yaani jani la mkindu, hukatwa likiwa bado changa, halijafunguka. Likishafunguka mtini likapigwa jua, hukakamaa na halisukiki vizuri. Likija nyumbani hufunuliwa na kuanikwa mpaka liwe jeupe, kisha huchanwa. Uti hutupwa, jani hupasuliwa kwa ukucha au kwa sindano, zinapatikana chane. Chane zote lazima ziwe na upana mmoja, na hapo ndipo watu hushindwa, maana ukichanganya nene na nyembamba ukili utakaousuka, yaani ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, utakuwa na mawimbi kama bahari ya kusi. Za rangi huchemshwa. Nyeusi ya kizamani ilitoka kwenye mti wa mdaa, ingawa nilipopata akili tayari tulikuwa tunanunua rangi ya unga dukani, ya zambarau na ya kijani, na sufuria ile haikupikiwa chakula tena maisha yake yote.

Ukindu ndio wa mikeka mizuri. Jamvi na kanda ni za miyaa, yaani majani ya mkoma, wengine mwauita mkoche. Nasema haya kwa sababu juzi niliona sokoni kikapu cha miyaa kinauzwa kama cha ukindu, na aliyekuwa anakiuza hakujua. Hakudanganya, hakujua tu.

Sasa tazameni nani alifanya nini. Mdogo kabisa, wa miaka minne au mitano, alipewa bakuli la maji awe ananyunyizia chane, kwa sababu chane kavu hukatika zikikunjwa. Aliyemzidi umri alizipanga kwa urefu. Wa miaka minane alichana. Wa miaka kumi alisuka ukili mwepesi, usio na rangi. Mama na shangazi walisuka wa rangi. Bibi, ambaye macho yalikuwa yanamwishia, alishona: anachukua shazia, ile sindano kubwa, anaunga ukili ubavu kwa ubavu kwa kupapasa, hatazami, huku anasimulia habari za watu ambao wengine walikuwa wamekufa kabla babangu hajazaliwa. Hakuna aliyekaa bure na hakuna aliyepewa kazi ya kuchezea. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mnaona? Hawakusema atapewa nyundo ya mbao akae pembeni asisumbue. Mvukuto ni mvukuto wa kweli. Asipovukuta, moto unazimika na jembe la mtu halitoki.

Nilipokuwa na miaka tisa nikaruhusiwa kusuka. Nilivimba kichwa. Nilisuka haraka ili nimpite binamu yangu, na nilipofika pima ya tatu ukili ukawa unapinda, upande mmoja umekazwa, mwingine umelegea. Nikauficha chini ya pipa la maji. Bibi akauona, maana mwizi na bibi nani atamshinda mwenzake? Nikasubiri kusemwa. Akauchukua, akaunyoosha juu ya goti, akaupitisha vidole mwanzo hadi mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, hapa ulikuwa na hasira." Akaushona. Hakuutupa, hakuufumua. Aliushona katikati kabisa ya mkeka, akaukaza kwa uzi pale palipolegea, na mkeka ule tukalalia miaka. Usiku nilikuwa nauona kwa vidole, kipande changu kilichokwenda kombo, na kaka zangu wakiulizwa kwa nini mkeka una nundu wanasema ni ukili wa fulani. Nilitaabika. Lakini wa pili niliousuka haukupinda, na sikuambiwa na mtu niuangalie.

Nimeisimulia hadithi hii kwa sababu ya kosa nililolifanya nilipokuwa mama. Nilikuwa mwalimu, nina mshahara, nina mambo mengi. Nikawanunulia wanangu sanduku la ufundi, lina shanga, gundi, vijiti vya rangi na picha ya kuonyesha utengeneze nini. Likaisha alasiri moja. Walitengeneza kitu kama nyumba, nikasema "wacha, kizuri kweli", nikakiweka juu ya kabati, na wiki ya pili msichana wa kazi akakifagia. Hakuna aliyekiulizia. Wala watoto! Nikakaa nikajiuliza, mbona mimi ukili wangu mbaya naukumbuka baada ya miaka yote ile? Ukili wangu ulilaliwa, ndiyo sababu. Mtoto ana pua ya kunusa kazi ya uongo. Ukimsifia kitu kisicho na matumizi anajua unamsifia yeye, hukisifii kitu, na sifa hiyo haimfikishi popote.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hilo: mpeni kazi ambayo isipofanyika nyumba itaona. Kidogo kiasi chochote.

Nigeukie hesabu kidogo, mnisamehe, ndiyo kazi iliyonilisha. Ukili hupimwa kwa pima, mikono ikinyooshwa huku na huku, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Pima ya mtu mzima hukaribia urefu wake mwenyewe. Chukua mkeka wa sentimita 120 kwa 180, na ukili wako una upana wa sentimita 4. Gawa 120 kwa 4 upate mistari 30, kila mmoja sentimita 180, pima moja hivi, basi unahitaji pima 30, yaani mita 54, na nyongeza kidogo ya mshono. Bibi aliniagiza pima 30. Nikapima kwa mikono yangu ya mtoto, zikafika 30, nikapeleka. Akapima kwa mikono yake, zikawa 20. Nikalia, nikaona nimedhulumiwa. Kumbe pima yangu ilikuwa sentimita 120, ilibidi nisuke 45. Uwiano niliufahamu siku hiyo uani, kabla mwalimu yeyote hajauandika ubaoni, na nilipokuja kuufundisha mimi nilikuwa naingia darasani na kamba, nawaita mtoto mrefu na mfupi, nawaambia wanyooshe mikono.

Ndiyo, mama, uliza. (Mama mmoja anauliza: sisi tunaoishi mjini, ukindu tutautoa wapi?)

Swali zuri, na nilijua litakuja. Msiutafute ukindu! Nendeni kwa fundi cherehani wa mtaani mkamwombe vipande anavyofagia jioni. Vinatosha kwa foronya, kishika sufuria, zulia la matambara la mlangoni. Uzi na sindano ya kufumia ni pesa ndogo, na vitambaa vya makochi tunavyo nchi nzima. Hata redio kwetu ilivishwa kitambaa, na televisheni ilipokuja ikavishwa zaidi. (Kicheko.) Mwenye mnazi uani ana kuti. Kuti moja linatoa pakacha la kubebea, linatoa kipepeo cha kupepea jiko, na yakibaki majani mtoto anapata kititia akikimbiza upepo, anapata saa ya mkononi isiyokwenda na miwani isiyoonyesha. Kifungo kikikatika shati la shule, mwenye shati akishone. Mimi nimeona kijana wa chuo kikuu anasafirisha suruali kwa basi ili mama akamshonee zipu.

Wavulana je? Hapo watu wananiambia, mwalimu, hayo ni ya wasichana. Nani kasema? Kofia mnazovaa Ijumaa, za mkono, za viua, nendeni Lamu mkawaone wanaume wamekaa barazani wanazishona, sindano ndogo kuliko ya cherehani, tundu moja baada ya jingine, na kofia moja nzuri inaweza kula miezi. Kamba ya nazi nayo ni kazi ya wote. Makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, hufukiwa kwenye mchanga wenye maji pwani, hukaa miezi, yakifukuliwa yananuka vibaya sana, watoto hufurahi mno. Yanapondwa kwa gongo mpaka usumba, nyuzi zake tupu, ubaki, unasokotwa juu ya paja. Mwanangu wa kiume alijifunza kusokota kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na leo ni fundi wa umeme. Ananiambia vidole vyake vinajua waya uliokazwa sana na uliolegea bila kutazama. Sijui kama ni kweli au ananifurahisha mamake. Nimekubali.

Kuhusu kuuza. Najua wengine mmekuja mkitumaini nitawaambia mtapata mtaji. Inawezekana. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, vikapu vimerudi mikononi mwa watu, hata wale waliokuwa wanavicheka. Iringa kina mama wanasuka vikapu vya milulu, aina ya nyasi, vinavyosafiri mbali kuliko wao. Ukambani, Kenya, mwanamke anatembea njiani na kiondo kinasukwa vidoleni, hatazami chini. Hayo ni mafundi. Lakini nyumba ikianza kusuka kwa ajili ya mnunuzi, mtoto wa miaka mitano na bakuli lake la maji anakuwa kero, ukili uliopinda unakuwa hasara, na bibi anaambiwa afanye haraka. Biashara ina haki yake ya kuwa kali. Ndiyo maana nashauri, hata kama mnauza, kiwepo kitu kimoja kisichouzwa, kinachotengenezwa na wote, hata kama kitachukua mwaka mzima. Mkeka wa Ramadhani, tuseme. Wa kufuturia.

Na simu? Mlidhani nitaisahau. Simu sitaipiga vita, nina yangu hapa mkobani, na mjukuu wangu alijifunza kufuma kwa kutazama video akanizidi mimi. Ila angalieni jambo moja. Mikono ikishika chane haiwezi kushika simu. Huhitaji kumnyang'anya mtu wala kuweka sheria. Mkae wote, mikono yote iwe na kazi, na mtashangaa maneno yatakavyotoka. Mambo mazito ya nyumbani kwetu, nani anaposwa, nani amefeli, nani anaumwa na anaficha, yalisemwa uani watu wakitazama ukili, si machoni. Kijana wa miaka kumi na mitano humpati kwa kumkalisha kochini umtazame usoni. Mpe kamba ashike ncha moja, nawe shika ya pili.

Basi, nimesema ya kutosha, na saa kumi inakaribia. Hapa chini ya meza nina mafungu ya ukindu, umeshachanwa, na ndoo mbili za maji. Watoto wa miaka minne na mitano njooni kwanza mchukue mabakuli. Nyie kina baba mlioegemea ukuta, naona mnautazama mlango. Chane zenu ni hizi. Na mtu asinifichie ukili wake chini ya kiti, nitauona.