Wageni waje, ila lango tuliangalie

Ndugu zangu makocha, na nyie walimu wa makipa mliojibanza kule nyuma kama kawaida yenu, asanteni kwa kunialika tena. Nimepewa swali la kila dirisha la usajili: ligi inayokua kama yetu ya Tanzania imwage pesa kwa nyota wa kigeni, ama isimwage? Mlionisikia siku za nyuma mnajua nitaishia wapi, kwa hiyo sina sababu ya kuwazungusha. Waje. Waje na mishahara yao mikubwa, na mameneja wao, na zile video zenye muziki mzito. Ugomvi wangu mimi uko langoni.

Mjadala wa idadi umenichosha. Nafasi za wageni kwa kila klabu zilikuwa 5, zikawa 7, zikawa 10, zikawa 12, na kila zinapoongezwa watu wale wale wanarushiana maneno yale yale redioni. Huyu anasema maproo, yaani hao wachezaji wa kigeni, wanaua vipaji vya wazawa. Yule anajibu kwamba bila maproo Yanga isingecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, wala Simba isingecheza ya 2025, wala nchi isingekuwa inapeleka timu nne Afrika. Huyu wa pili ana hoja, tusimnyime. Lakini wote wawili wanahesabu vichwa tu. Hamna anayeuliza kila kichwa kinacheza namba gani.

Chukueni kiungo. Clatous Chama, yule Mzambia, alipokuwa Simba, Jonas Mkude na Mzamiru Yassin walicheza naye, wakapewa mipira yake, wakaziba mashimo aliyoyaacha, wakafika naye mbali Afrika. Kijana mwingine angeweza kuingia dakika ya 65 Chama akichoka, au akasogezwa pembeni siku kiungo kimejaa. Mgeni mmoja ghali anaweza kuwapandisha wazawa watatu waliomzunguka. Kipa je? Kipa hatolewi dakika ya 65 akapumzike. Hasogezwi pembeni. Ligi Kuu ina timu 16, maana yake nchi nzima, sisi watu zaidi ya milioni 60, tuna nafasi 16 za kipa namba moja. Ya 17 haipo. Kila moja unayompa mgeni, Mtanzania mmoja anakwenda kusugua benchi, na hasugui dakika 25, anasugua msimu mzima.

Sasa nawapeleka Korea Kusini. Najua hadithi yao mmeshaisikia. Aliyeisikia amwonee huruma jirani yake ambaye hajaisikia.

Mwaka 1992, Umoja wa Kisovieti umetoka tu kusambaratika na wachezaji wake wazuri wanatafuta pa kwenda, klabu ya Ilhwa Chunma ikamsajili kipa anaitwa Valeri Sarychev. Mzaliwa wa Dushanbe, Tajikistan, alikuwa akidakia Torpedo Moscow, na umri ulishavuka 30. Wakorea hawakuwa wamezoea kipa wa namba ile, mtu anayetoka kwenye krosi kama mwenye nyumba, anayewapanga mabeki kabla hatari haijafika. Ilhwa wakachukua ubingwa 1993. Wakachukua 1994. Wakachukua 1995, na mwaka huo huo wakabeba na ubingwa wa klabu za Asia.

Jiweke wewe kwenye kiti cha katibu wa klabu nyingine ya Korea. Umemaliza nyuma ya hao jamaa miaka mitatu, mashabiki wanakutukana sokoni, mfadhili anauliza pesa zake zinafanya kazi gani. Utasema tulee makipa, tutavuna baada ya miaka 10? Utafukuzwa kesho asubuhi. Utafanya walichofanya wote: na wewe utatafuta kipa wa nje. Ikawa hivyo. Klabu moja baada ya nyingine ikaleta wake, na makipa wa Kikorea wakageuka wapashaji misuli. Hakuna aliyekosea kwenye klabu yake, na hapo ndipo ninapowaomba mnielewe, maana kila mwaka kuna mtu ananiambia nawalaumu viongozi wa klabu. Siwalaumu. Kila klabu ilifanya hesabu yake vizuri, na hesabu hizo zote zikijumlishwa timu ya taifa inabaki bila kipa.

Chama cha ligi kikaona. Kwanza wakawapunguzia makipa wa kigeni mechi za kudaka, kidogo kidogo, na mwaka 1999 wakawafungia kabisa. Sarychev alifanya nini? Akachukua uraia! Mwaka 2000 akawa Mkorea kwa jina la Shin Eui-son, akarudi langoni na timu ya Anyang, na mwaka huo huo timu ikawa bingwa. (Kicheko.) Mtu wa kazi huyo. Alipostaafu akabaki huko huko akifundisha makipa.

Halafu likaja Kombe la Dunia 2002. Robo fainali na Hispania, penalti, Lee Woon-jae anapangua ya Joaquín, Korea wanaingia nusu fainali. Sisemi marufuku ndiyo iliyomzaa Lee, alikuwepo kabla yake. Nasema alipohitajika alikuwa ameshadaka mechi ngumu nyingi, na nyuma yake walikuwepo wengine waliodaka pia. Mpinzani wangu mmoja, yuko humu ndani, atainua mkono kusema Wakorea wenyewe wameamua kuwaruhusu tena makipa wa kigeni kuanzia 2026. Kweli kabisa, kaka. Baada ya miaka zaidi ya 25 ya kujaza ghala. Ghala letu sisi limejaa lini?

Maana hadithi hii mmeshaanza kuitambua. Djigui Diarra alikuja Yanga mwaka 2021 kutoka Stade Malien, kipa wa timu ya taifa ya Mali, na Yanga wakabeba ubingwa misimu minne mfululizo. Simba waliokuwa na kipa mzawa Aishi Manula wakamleta Ayoub Lakred kutoka Morocco, kisha Moussa Camara kutoka Guinea. Azam wakamleta Ali Ahamada wa Comoro, kisha Mohamed Mustafa wa Sudan. Hizo ni klabu tatu zenye pesa, zenye mechi za Afrika, zenye viwanja vinavyojaa. Diarra ni kipa hodari, namkubali, sijui mara ngapi nimewaonyesha vijana wangu anavyoanzisha mashambulizi kwa mguu. Ndiyo maana nasema uhodari wake ndio unaofanya kila mtu atake wa kwake.

"Lakini mwalimu, vijana wanajifunza kwake mazoezini." Hii jamani inanikera, na inasemwa na watu wasiowahi kuvaa glovu. Nendeni siku moja mkamtazame kipa wa tatu wa klabu kubwa. Anafika mapema kuliko wote. Anapiga krosi kwa ajili ya wenzake, anaokota mipira nyuma ya goli, anasimama langoni dakika kumi za mwisho pale washambuliaji wanapotaka kufurahisha miguu, wanampiga mashuti ya karibu kwa kicheko. Glovu zake ni zile alizoachiwa na namba moja, sponji imechunika kiganjani, ameiziba kwa plasta. Nilimuuliza mmoja mara ya mwisho amedaka mechi ya mashindano lini. Akafikiri. Akaniambia, "Ile ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, tuliyocheza na timu ya mkoa." Ana mwili, ana mikono, anaijua kazi. Hajui tu inakuwaje uwanja ukinyamaza umefungwa bao la kizembe na bado kuna dakika 40 za kusimama pale pale. Somo hilo Diarra hawezi kumfundisha, hata wakikaa chumba kimoja.

Juma Kaseja hakujifunzia Cairo. Mwaka 2003 Simba walipowatoa Zamalek ya Cairo, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti na kwao, langoni alisimama kijana ambaye tayari alikuwa namba moja nyumbani. Miaka 16 baadaye yule yule, akiwa KMC, timu ya taifa ikimaliza sare na Burundi kwenye mechi za awali za kufuzu Kombe la Dunia, ndiye aliyesimama kwenye penalti na tukapita.

Kuna jibu jingine la haraka nililitarajia: mbona CHAN ya 2025, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, hapa nyumbani tulifungwa mabao mawili tu katika mechi tano? Asante, umenisaidia. Kipa wetu namba moja alikuwa Yakoub Suleiman. Alitokea wapi? JKT Tanzania, timu ya jeshi, isiyokuwa na mgeni langoni. Alikuwa anadaka kila wiki. Na baada ya CHAN akasajiliwa Simba, kulikokuwa na Camara. Malizieni wenyewe.

Naona mwenyekiti ameanza kuigusa saa yake, kwa hiyo haya mengine nayapitia mbio. Namba tisa, mshambuliaji wa kati, ni ugonjwa ule ule kwa kiwango cha chini: kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2024/25, misimu minane, mfungaji bora mzawa tumempata mara mbili, John Bocco na George Mpole, na Mpole alikuwa Geita Gold, klabu iliyoshuka Ligi Kuu mwaka 2024. Hilo lilistahili mhadhara wake.

China. Kila mtu ananitajia China, kwamba walimleta Mbrazili Oscar mwaka 2017 kwa pauni zipatazo milioni 60, wakamleta Muajentina Tevez ambaye baadaye mwenyewe alisema alikuwa likizo miezi saba, halafu klabu ya Jiangsu wakawa bingwa 2020 na wakafunga klabu miezi michache baadaye, na Guangzhou wenye mataji manane wakafa 2025. Yote kweli. Na China pia wamewazuia makipa wa kigeni muda mrefu na hawajaonekana Kombe la Dunia tangu 2002! Sijifichi nyuma ya hilo. Kanuni ya langoni pasipo ligi ya vijana inayochezwa kweli ni karatasi tu. Japani walimleta Zico, nyota wa Brazil, na papo hapo wakazitaka klabu ziwe na timu za watoto. Hapo nilikuwa na kurasa tatu, nazikunja.

Pendekezo langu basi, liandikwe kwenye kumbukumbu: nafasi 12 zibaki, ila kila klabu yenye kipa wa kigeni imchezeshe kipa mzawa angalau mechi 10 kati ya 30 za ligi, kisha 15, kisha 20, na mechi hizo zisiwe zile za mwisho ubingwa ukishapatikana. Mishahara inayochelewa, viwanja vya mikoani, hela za televisheni, nimeshindwa kuzifikia, mtanialika tena mkipenda. Haya, maswali. Wewe mwenye jezi ya kijani, nilijua utakuwa wa kwanza.