Kibao cha Mnyampala Kisigongwe Ukutani

Mbukwenyi, watu wa Dodoma! Leo kamera inaangalia ukuta. Hapa ni Brook Street, London. Kibao hiki cha buluu, cha kumbukumbu ya mtu maarufu aliyeishi hapa, ni cha Jimi Hendrix, mpiga gitaa. Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, kuna cha Handel, mtunzi wa muziki wa karne ya 18. Kibao ni cha kauri, kipenyo milimita 495, unene kama 50. Hakikupigiliwa misumari: matofali yamechongwa, kikazamishwa, kikashikwa na saruji. Uso una kitumbo kidogo, mvua ikinyesha inakiosha.

Sasa tukitaka cha Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi wetu wa Ugogo, bingwa wa ngonjera, tusiige kila kitu. Masharti ya wanaoweka vibao huku: mhusika awe amefariki angalau miaka 20 iliyopita, mwenye nyumba akubali, kibao kionekane kutoka barabarani, na mtu mmoja apate kimoja tu. Kwa sharti la miaka, hata Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu aliyefariki 2003, anafuzu. Ila wanataka pia nyumba yenyewe iwe bado imesimama, na hapo ndipo tunapokwama. Tembe, nyumba yetu ya jadi, ni miti na udongo, hadi paa. Ingiza drili ya milimita 10 uone: udongo unamomonyoka, na mti wa ndani mchwa wameshaula. Hata huku, kibao cha kwanza kabisa, cha Byron mwaka 1867, kilipotea nyumba ilipovunjwa 1889.

Kwa hiyo simika jiwe pembeni. Dodoma tukose vyote, mawe hatukosi. Chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini, zege ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Jiwe libaki mita moja na kidogo juu ya ardhi. Hakikisha kwa pima maji kwamba limesimama wima, maana likilala vumbi la kiangazi litatua juu yake na mvua yetu ni ya miezi michache. Zege lifunike kwa gunia bichi, limwagilie siku saba. Upepo wa Dodoma hulikausha juu kabla ya ndani, linapasuka.

Shaba usiweke, wiki haiishi iko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Plastiki ya kuchapwa inapauka. Nenda kwa wachonga mawe ya makaburi, herufi zichimbwe milimita 3. Halafu muulizeni mwenyekiti wa kijiji hifadhi ya barabara inaishia wapi, msije mkakuta jiwe la mshairi limepigwa X nyekundu ya kubomolewa.

Maneno: jina, miaka, kazi yake, na alichofanya mahali hapo. Basi. Yaandike kwanza kwenye boksi, lisimamishe palepale, rudi nyuma hatua kumi usome. Wazee wa ukoo wakague kila herufi ya jina la Kigogo kabla patasi haijagusa jiwe.