Bibi Hawaki Bila Redio

CHANDE: Tupo hewani? Haya. Wasikilizaji, Bibi, ile Peugeot yangu niliyoitoa kabureta nikaiwekea nozeli za kompyuta, yaani sindano za mafuta, ameniaibisha.

REHEMA: Picha nimeiona. Umekaa juu ya boneti pale Kimara kama abiria aliyeachwa na basi.

CHANDE: Saa moja asubuhi, daladala zinanipigia honi! Nikipiga selfu injini inazunguka vizuri, haiwaki. Nikiachia ufunguo, inakohoa mara moja. Puh! Kimya. Nikasema pampu ya mafuta.

REHEMA: Kila mtu husema pampu.

CHANDE: Mpya, dada! Kabureta ilikuwa inaridhika na presha ya robo baa, nozeli hizi zinataka baa 4.

REHEMA: Waambie ule waya wa swichi uliuchomeka wapi.

CHANDE: Rehema…

REHEMA: Waambie.

CHANDE: Kwenye redio.

REHEMA: (anacheka) Kwenye redio! Jamani, kontroboksi, ile kompyuta ya nozeli, inataka moto, yaani umeme, wa aina mbili. Ule mnene unatoka betri moja kwa moja, na ethi yake, waya wa hasi, inarudi betri, si kwenye bodi yenye kutu. Halafu kuna ule mwembamba wa kuiamsha. Huo uwe na moto ukiwasha swichi, na uendelee kuwa nao unapopiga selfu. Laini ya redio hukatika wakati wa selfu. Kwa hiyo injini inazunguka, boksi imelala, na pampu nayo imenyamaza. Ukiachia, boksi inaamka, inanyunyiza kidogo, injini inasimama.

CHANDE: Kwa hiyo kule kukohoa…

REHEMA: Bibi anauliza, “Nani huyo?”

CHANDE: Yaani hapokei sindano mpaka redio iwe inaongea.

REHEMA: Taarabu.

CHANDE: Peugeot 504 ya 1978? Huyo anasikiliza RTD, ile Redio Tanzania ya zamani, matangazo ya vifo.

REHEMA: Anasubiri asikie kabureta imetangazwa, na vipuri vyake!

CHANDE: “Habari ziwafikie jeti kubwa na jeti ndogo, popote zilipo…”

REHEMA: “…na choki, aliyeko Gerezani.” Aah, mbavu zangu.

CHANDE: “Maziko ni kwenye ndoo ya vyuma chakavu.”

REHEMA: Ngoja, ngoja. Hapo hapo kwenye maziko. Ilikuwa nzima ile kabureta. Mzee wako aliiendesha miaka yote hiyo.

CHANDE: Ilikuwa inakunywa mafuta. Nikipanda Lushoto, karibu mita 1,400, hewa nyepesi na jeti, vile vitundu vya mafuta, ni zilezile: moshi mweusi tangu Soni. Sasa sensa inapima, boksi inapunguza yenyewe.

REHEMA: Na ikikufia Chalinze usiku? Kabureta, kijana yeyote mwenye bisibisi anakufungulia. Boksi utampa nani?

CHANDE: Lakini 504 ilitoka kiwandani na toleo la nozeli tangu 1968. Siyo jambo geni kwa Bibi.

REHEMA: Ile ilikuwa ya mekanika, kaka. Pampu inazungushwa na injini, haina kompyuta. Usinichanganyie.

CHANDE: Mafuta yanasukumwa au hayasukumwi?

REHEMA: Yanasukumwa bila kuomba ruhusa ya redio!

CHANDE: Lile ni kosa la waya, siyo la mfumo.

REHEMA: Mfumo wenyewe ni waya, Chande.

CHANDE: Hapana.

REHEMA: Basi hapana.

(kimya)

CHANDE: Kunywa maji.

REHEMA: Sina kiu.

CHANDE: Tuliahidi makosa matano ya kufunga nyaya. Zimebaki dakika mbili.

REHEMA: Tumesema mangapi?

CHANDE: Moja. Langu.

REHEMA: Basi la pili haraka haraka: waya wa ishara unaotoka hasi ya koili usiufunge pamoja na waya za plagi. Boksi itahesabu mizunguko isiyokuwepo, na… muda?

CHANDE: Umekwisha. Rilei na sensa ya moshi, siku nyingine.

REHEMA: Ule waya wa redio umeshauhamisha lakini?

CHANDE: Kesho.

REHEMA: Sasa hapa umekujaje?

CHANDE: Bodaboda.

REHEMA: Ina kabureta hiyo.

CHANDE: Kwaherini, wasikilizaji.