Mnaulizia chungwa, ulizieni shina

Swali la kwanza ni lilelile: "Mtaalamu, nipande chungwa la aina gani, Msasa au Valencia?" Nami nitawachosha tena: mche wako umebebeshwa juu ya nini, yaani umeungwa kwenye shina la mti gani, na umbali gani kutoka udongoni?

Hapa Muheza karibu kila kitu kiko juu ya mlimau. Siulaumu. Mizizi yake inazama, unavumilia ukame na mchanga, unakua haraka. Ila mbele ya fitofthora, ukungu wa udongoni unaoozesha shina, ni mnyonge, na ganda la shina la mchungwa wenyewe ni nyonge zaidi. Sasa tazameni tunavyoua miti. Mche umebebeshwa kiganja kimoja tu kutoka chini. Mkulima anachimba shimo, anajaza samadi na udongo tifutifu, anapanda siku hiyohiyo. Masika yakipiga, udongo unadidimia, mche unadidimia nao, na pale palipobebeshwa panafukiwa. Ganda linatoa gundi, linapasuka. Ukikwangua kwa kisu, ndani ni kahawia. Kidonda kikizunguka shina, mti umekwisha, hata ukiwa na matunda. Halafu tunasema ni ukame!

"Mbona miti ya babu iko juu ya mlimau na bado inazaa?" Babu alipanda mteremkoni, maji hayatuami. Wewe umeshuka bondeni.

Bebesheni sentimita 25 hadi 30 juu ya udongo, shina likifika unene wa penseli. Shimo lijazwe wiki mbili tatu kabla, limwagiliwe, litulie. Matandazo yakae mbali na shina, futi moja.

Bondeni? Bebesheni juu ya mahuluti (machotara) ya trifoliata, jamii ya mchungwa wenye majani matatumatatu, kama Carrizo; yanahimili ukungu huu vizuri zaidi, ila yanachukia chokaa na chumvi. Penye chumvi, tumia shina la Kleopatra, aina ya mchenza, na uwe na subira, maana huchelewa kuzaa.

Nasikia mzee pale nyuma anataja mdanzi, mchungwa mchungu, kuwa shina la kubebeshea. Kweli, shikamoo mzee, hauozi shina ovyo. Lakini kuna virusi vya tristeza, vinabebwa na vidukari, na mchungwa ulio juu ya mdanzi hukauka. Brazili na Argentina zilipoteza mamilioni ya miti kuanzia miaka ya 1930, kwa kosa hilohilo.

Mbegu za mlimau wa kubebeshea, haraka haraka, muda umekwisha. Limau lichumwe mtini, lisiwe la kuokota. Mbegu zilowekwe kwenye maji ya nyuzi 52 za Selsiasi kwa dakika 10, ili kuua ukungu, zikaushwe kivulini, zisiwekwe juani, zipandwe mapema. Kitaluni, mche uliodumaa au wenye majani tofauti na wenzake, ng'oa. Na joto la maji hayo ya mbegu, jamani, si la kukisia kwa kidole. Kipimajoto kinauzwa.