Fundi Anayekuja Siku Aliyosema: Kwa Nini Tunampenda Muuaji wa Kukodiwa Vitabuni

Haya jamani tukae, waliopo kule nyuma mnanisikia? Maiki hii inakatakata, naiweka pembeni, nitaongea kwa mdomo tu.

Nimeombwa niongelee riwaya za wauaji wa kukodiwa, zile za mbio mbio ambazo ukianza saa mbili usiku unakuja kushtuka majogoo yanawika. Mi nilizianzia bweni, fomu tuu, kwa kitabu kisicho na jalada ambacho kilikua kimechanwa vipande vitatu. Na kilichanwa makusudi kabisa, kwa wembe, ili watu watatu wasome kwa wakati mmoja, ukimaliza kipande chako unampa mwenzio. Mi nikaangukiwa na cha kati. Kwaiyo sikujua jamaa katokea wapi wala nani kamtuma, nilimkuta tu yupo barabarani Ufaransa, anatoka hoteli hii, polisi wanaingia, wanaambiwa mzungu wenu kaondoka sasa hivi tu. Tochi chini ya blanketi, betri inakufa, naing'ata kidogo kwa meno ili iamke (mliosoma bweni mnaijua hiyo). Na katikati ya usiku ule nikajishtukia namwombea dua apite salama. Namwombea muuaji! Mtoto wa mwalimu wa madrasa!

Kitabu chenyewe nilikuja kukijua jina baadae, The Day of the Jackal, cha Frederick Forsyth, kilitoka 1971. Mbweha, ndo jina la kazi la yule jamaa. Leo nataka nikae hapo hapo kwenye hicho kimoja, maana hivi vya siku hizi vyote vya muuaji mpweke na bunduki yenye darubini vimekopa kwake kwa namna moja au nyingine.

Chanzo chake ni kisa cha kweli. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa aliiachia Algeria, koloni lao, ikapata uhuru Julai 1962, na kuna wanajeshi na walowezi waliona wamesalitiwa, walikua wameshaunda kikundi cha siri kinaitwa OAS. Tarehe 22 Agosti mwaka huo huo wakamvizia pale Petit-Clamart, nje kidogo ya Paris. Zilipigwa risasi zaidi ya 100 ile jioni. Gari ikatobolewa, matairi yakapasuka, na mzee na mkewe wakatoka wazima. Aliyepanga shambulio alikua ofisa wa jeshi la anga, Bastien-Thiry, msomi, injinia, kazi yake siku ile ilikua kupunga gazeti kama ishara, sasa giza lilishaanza kuingia, wapigaji wakaiona ishara wamechelewa. Yani kundi zima la watu wenye silaha, mpango wa miezi, umeharibiwa na gazeti na magharibi! Akapigwa risasi na kikosi cha serikali Machi 11, 1963, na kitabu cha Forsyth kinaanzia hapo hapo, asubuhi ya kunyongwa, samahani, ya kupigwa risasi.

Kuanzia pale ni ya kutunga. Wakubwa wa OAS wanakaa wanaambiana, sisi tumejaa mashushushu, kila tukipanga serikali inajua, tutafute mtu wa nje, asiyejulikana na yoyote, tumlipe. Anakuja Mwingereza mmoja mtanashati, anataja bei: nusu milioni ya dola, nusu mkononi, nusu kazi ikiisha. Na habishani!

Hapo ndo pana siri nzima kwa maoni yangu. Watu husema tunasoma hivi vitabu kwa sababu tunapenda damu. Mi sioni hivyo, ukihesabu kurasa zenye damu ni chache sana. Kurasa nyingi ni mtu anafanya kazi yake. Anaenda Brussels kwa fundi wa bunduki, wanakaa wanaongea uzito, urefu, risasi, jinsi bunduki itakavyofumuliwa ikaingia kwenye mabomba membamba ambayo yatageuka gongo la mlemavu. Wanaongea kama vile unavyoongea na seremala kuhusu kabati, ila hawa wanaelewana. Alafu anaenda msituni peke yake, anatundika tikiti, anapiga, anaenda kuliangalia, anakaza skrubu ya darubini kidogo, anapiga tena, anakaza tena. Mwisho anaweka ile risasi yenyewe, ya kupasuka, na tikiti linabaki maji tu.

Sasa niambieni ukweli, nani humu ndani hajawahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani akaambiwa njoo Alhamisi? Unaenda Alhamisi, kitambaa hakijaguswa, anakwambia umeme ulikatika. Unaenda Jumatatu, yupo msibani. Sikukuu inafika unavaa nguo ya mwaka jana. Sisi ni watu tunaoishi na "kesho", fundi bomba, fundi simu, fundi wa kila kitu. Alafu unafungua kitabu unamkuta mtu ambaye akisema nitafika Brussels tarehe fulani anafika, amepima, ana kila kitu kwenye begi, na ana mpango wa pili ukifeli wa kwanza. Huyo ndo fundi tunayemuota. Bahati mbaya kazi yake ni kuua watu.

Halafu makaratasi. Aisee, sehemu ya pasipoti mi niliisoma mara tatu. Jamaa anaenda makaburini vijijini Uingereza, anatafuta mtoto aliyekufa mdogo ambaye angekua rika lake, anaomba cheti cha kuzaliwa kwa jina la marehemu, na kwa cheti kile anapata pasipoti halali ya serikali. Basi! Mtu uliyewahi kufuatilia cheti chako mwenyewe, uko hai, umesimama dirishani na picha mbili, unaambiwa faili halionekani, ukisoma vile unacheka kwa uchungu. Na mbinu ile haikua uongo wa mwandishi. Ilifanya kazi kweli na iliendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya kitabu kutoka, mpaka baadae ikajulikana kwamba askari kanzu wa London wenyewe waliotumwa kupenyeza vikundi vya wanaharakati walikua wanachukua majina ya watoto waliokufa kwa njia hiyo hiyo.

Kingine cha kushangaza, wachapishaji kadhaa walikikataa. Forsyth alikua mwandishi wa habari, alikaa Paris na shirika la habari la Reuters miaka ile ya OAS, akaenda kwenye vita vya Biafra kule Nigeria, akarudi hana hela, akakaa Januari 1970 akakiandika kwa siku 35. Akipeleka wanamwambia, bwana, de Gaulle yupo hai, kila mtu anajua hakuuawa, nani atasoma? Na ni kweli, mzee alikuja kufa Novemba mwaka huo, nyumbani kwake, na maradhi yake. Lakini walichokosea ni kudhani msomaji anauliza "atakufa?". Msomaji anauliza "huyu fundi hodari hivi atakosea wapi?". Hiyo haichoshi hata ukijua jibu la kwanza. Ni kama kuangalia marudio ya mechi ambayo unajua timu yako ilishinda, bado roho inaenda mbio ile penalti.

Na kuna yule kamishna, Lebel, mfupi, mpole, nyumbani mkewe anamsimanga, naye ni fundi wa upande wa pili. Sura hii unaenda na mbweha, sura inayofuata unaenda na kamishna, tarehe inasogea, na wote wawili unawataka washinde. Mbio ya kitabu inatoka hapo, maana sentensi zenyewe wala sio fupi kihivyo.

Sasa mtaniuliza, za kwetu je? Tunazo riwaya za mbio mbio tena nzuri, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vilivyosomwa hadi vikawa laini kama kitambaa. Ila angalieni kitu kimoja: huko shujaa ni mpelelezi. Muuaji wa kukodiwa akija, anakuja kama adui, mara nyingi katumwa na makaburu, na hatupewi nafasi ya kukaa nae akipima tikiti lake. Kwa nini? Mi nina nadharia yangu, mnaweza kuipinga. Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa hapa hapa Dar es Salaam, Oysterbay, kwa bomu lililokuja kwenye kifurushi. Na lilifichwa ndani ya kitabu. Kitabu! Musiba na wenzie waliandika kwenye mji ambao mtu alifungua kitabu kikamlipukia. Mwingereza anaweza kumchezea muuaji kama fundi wa kuvutia, hapa ilikua bado mapema mno, watu walikua wanajua sauti ya lile bomu.

Namalizia, naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Kile kipande cha mwisho sikukipata. Aliyekua nacho alirudishwa nyumbani kwa ada, akaondoka nacho kwenye begi, hakurudi. Miaka inapita, siku moja napita kwa muuza mitumba ya vitabu, kwenye mwavuli, nakiona, kizima, kina jalada. Nikakifungua mwisho nikiwa nimesimama. Mbweha yupo dirishani, kila kitu kakipima, umbali, pembe, jua. Mzee anamvalisha askari mkongwe medali. Anavuta kifyatulio, na sekunde ile ile de Gaulle anainama kumbusu yule mkongwe shavuni, risasi inapita nyuma ya kichwa. Mwingereza alisahau kwamba Wafaransa wanasalimiana hivyo! Salamu tu, jamani. Nilipiga kelele pale barabarani, na yule kijana muuzaji akanitazama juu mpaka chini akasema, "Mzee, unanunua au unamalizia hapo hapo?"