Maandishi ya saiti yako yanalala wapi?

Wandugu asanteni kwa kuja, najua kuna waliotoka Jinja na Mbale na mvua hii yote. Hapa Kampala kila wiki naulizwa databesi gani, yaani programu ya kutunza data, ni nzuri kwa saiti ya shule, ya kanisa, ya gazeti dogo, na mimi huwa nauliza kwanza: wanaoandika ni wangapi, na mara ngapi?

Maana saiti zetu nyingi mwandishi ni mmoja, kwa wiki anaweka habari mbili tatu, wasomaji ndo wengi. Hapo faili za kawaida zinatosha kabisa, unaandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache, unatunza kwenye Git, programu inayoweka kila toleo la faili, halafu programu ya Hugo inakutolea kurasa za HTML zilizo tayari, databesi haipo kabisa, na ukikosea leo unarudi toleo la jana, tena historia yote iko kwenye laptopu yako hata bando likiisha.

Lakini sekretari wa shule ukimpeleka kwenye Git unamtesa bure. Yeye anataka aingie, aandike, abonyeze, basi. Huyo mpe WordPress, programu ya kuandikia na kuendesha saiti, nayo inataka databesi ya MySQL au MariaDB, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu jambo hili liliniuma sana. Nilikabidhiwa saiti ya zamani, seva iko chini ya meza ofisini kwa mteja, umeme ukakatika mtu akiwa anaseivu, uliporudi jedwali la habari, sehemu ya databesi inayoshika habari zenyewe, limeharibika. Kuangalia, kumbe majedwali ni ya aina ya MyISAM, njia ya zamani ya MySQL ya kuhifadhi data, ambayo haiandiki kumbukumbu ya kujirekebisha ikizimwa ghafla. Aina nyingine, InnoDB, inaandika, na ndo chaguo la kawaida tangu MySQL 5.5 mwaka 2010, ila majedwali ya zamani hayabadiliki yenyewe. Na bekapu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi minne nyuma, habari zingine tulizichapa upya kutoka kwenye karatasi, usiku kucha.

Kuna databesi nyingine ndogo, SQLite, msiidharau, databesi nzima ni faili moja, wanaandika kwa zamu mmoja mmoja, kwa ofisi ya watu watano hata huoni. Ila msiikopi hiyo faili hivihivi saiti ikiwa inaandika, tumieni amri yake ya bekapu. Chumba cha habari chenye waandishi ishirini usiku wa matokeo ya kura, hapo nendeni MariaDB au PostgreSQL.

Haya, nani amekuja na laptopu yenye saiti ya mteja? Lete mbele tuifungue, tuangalie majedwali yake ni aina gani.